Kimo au Hakimo? Historia Fupi ya Utafutaji katika Orodha za Kompyuta

Swali la kama kitu fulani kimo ndani ya mkusanyo ni kongwe kuliko kompyuta. Kiswahili hulitengea umbo maalumu: kilicho mahali dhahiri "kipo", kilicho mahali pasipo dhahiri "kiko", na kilicho ndani ya kingine "kimo". Mwaka 1889 mwanahisabati wa Italia, Giuseppe Peano, aliuwekea uhusiano huo alama, yaani herufi ya Kiyunani epsiloni. Lakini kuweka alama ni jambo moja, na kuifanya mashine ijibu swali hilo upesi ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jibu hilo lilivyotafutwa, na maana yake kwa Kiswahili.

Njia ya kwanza ni kupekua orodha tangu mwanzo hadi mwisho. Haihitaji matayarisho, ila ubaya wake hudhihirika pale kitu kinapokosekana: mashine haiwezi kusema "hakimo" kabla ya kukagua kila kilichomo. Orodha ya maneno 1,000,000 hudai ulinganisho 1,000,000.

Njia ya pili hupanga orodha kwanza, kisha huitazama katikati, huitupa nusu isiyofaa, na kurudia vivyo hivyo. Kwa maneno 1,000,000, ulinganisho hauzidi 20. John Mauchly aliieleza mwaka 1946 katika mihadhara ya Moore School, Philadelphia. Hata hivyo, ilipita miaka 14 kabla ya D. H. Lehmer kuchapisha, mwaka 1960, utaratibu unaofaa orodha za ukubwa wowote.

Njia ya tatu ilipendekezwa Januari 1953 na Hans Peter Luhn, mzaliwa wa Ujerumani, katika waraka wa ndani wa kampuni ya IBM. Badala ya kulitafuta neno, neno lenyewe hugeuzwa kwa kanuni ya hesabu kuwa namba, na namba hiyo huonyesha kisanduku cha kufunguliwa. Maneno mawili yakiangukia kisanduku kimoja, hufungwa pamoja kama pete za mnyororo. Maadamu visanduku vinatosha na maneno yametawanyika vizuri, ukubwa wa orodha hauchelewishi jibu. Arnold Dumey aliitangaza mbinu hii kwa maandishi mwaka 1956.

Mwaka 1970 Burton Bloom alikwenda mbali zaidi, akakubali kosa la upande mmoja ili kuokoa nafasi: mashine yake ikisema "hakimo", husema kweli, ikisema "kimo", yamkini imekosea. Mfano wake ulikuwa kuyakata maneno ya Kiingereza mwishoni mwa mstari: katika maneno 500,000, ni 50,000 tu yaliyohitaji kutazamwa katika kamusi.

Njia zote hizi zina sharti moja: neno linaloulizwa lifanane, herufi kwa herufi, na lililohifadhiwa. Hapo ndipo Kiswahili kinapodhulumika. "Hawakumsomea" si neno la kutafutwa lilivyo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Kinachoorodheshwa ni kitenzi "soma". Msomaji huambua viambishi kabla ya kufunua ukurasa. Mashine isiyofunzwa kuambua itajibu "halimo", na mwandishi aliyeandika sawasawa atahesabiwa kuwa amekosa.

Kuyahifadhi maumbo yote si tiba nyepesi. Nafsi 6, nyakati 4 na kauli 5 (soma, somea, someka, somesha, somwa) huzaa maumbo 120, kabla ya kugusa yambwa, ukanushi, urejeshi na ngeli nyinginezo. Kuambua ovyo nako kuna hatari: "ku-" ya "kusoma" ni kiambishi, lakini ya "kuku" sivyo.

Basi wahandisi walikwisha kuipa mashine wepesi wa kujibu tangu 1953. Lakini kuamua ni nini hasa kinachostahili kuwamo katika orodha ni kazi ya mwanasarufi, na kwa lugha za Kibantu kazi hiyo haiepukiki.