Kichiwa, Katikati ya Miji Miwili

Chuoni nikiulizwa kwetu ni wapi, jibu langu hutegemea anayeuliza. Mfanyabiashara namwambia Makambako, maana ndiko anakoshusha mzigo. Mtu wa serikali namwambia Njombe. Kwetu hasa ni Kichiwa, kwenye barabara inayounganisha miji hiyo miwili, ambayo imeachana kwa kilomita 60 hivi.

Likizo iliyopita nilimkuta bibi ana mgeni. Baada ya kamwene na chai, mgeni akaeleza haja yake: anataka ekari mbili za shamba la mahindi, zile zinazopakana na lami.

"Mji unakuja, bibi," alisema. "Uza mapema, wewe ndiye upange bei."

Bibi akamuuliza, "Unakuja kutoka upande gani?"

Mgeni akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miji yetu miwili ina asili tofauti, na kila mmoja unatuvuta kwa namna yake.

Njombe ulikuzwa na ofisi. Waingereza waliufanya makao makuu ya wilaya, na kwa miongo mingi wilaya hiyo ilijulikana kwa kutoa watu. Wanaume wa Kibena waliandikishwa kuwa manamba, wakaenda kukata mkonge Tanga. Babu yangu alikwenda miaka michache kabla ya uhuru. Kampuni ya miwati, Tanwat, ilikuwa imeshaanzishwa Kibena mwaka 1949 kwa mtaji wa shirika la serikali ya Uingereza, lakini si kila kijana aliyetafuta kodi ya kichwa alipata kazi karibu na nyumbani.

Makambako ulikuzwa na njia panda. Hapo ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Kati ya 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia walipojenga reli ya TAZARA, njia ilipanda milima kutoka bonde la Kilombero ikatokea Makambako. Njombe, mji wa wilaya, ukabaki kusini bila reli. Katika miaka ya 1980 barabara ya Makambako hadi Songea iliwekwa lami kwa msaada wa Uingereza, na mji wa ofisi ukafungwa kamba moja na mji wa stesheni.

Tangu hapo tunaishi katika yote miwili. Mwenye viazi au mbao hutazama Makambako, kwenye malori. Mwenye kesi, au anayefuata saini ya mkoa, hutazama Njombe, hasa tangu mkoa ulipoundwa mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka huohuo Halmashauri ya Mji wa Njombe ilikuwa na watu 130,223 na ya Makambako 93,827. Sisi hatumo katika hesabu yoyote kati ya hizo. Kichiwa ipo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Njombe, ambayo ni halmashauri ya tatu. Ndani ya mipaka ya "mji" yapo mashamba ya mahindi mbali na lami. Sisi tulio juu ya lami tunaitwa kijiji.

Huko Ujerumani, kwenye bonde la Ruhr, makaa ya mawe na reli viliikuza Duisburg, Essen, Bochum na Dortmund hadi vijiji vya katikati vikaanza kumezwa. Mwaka 1920 kikaundwa chombo kimoja cha kupanga ardhi ya eneo zima, chenye uwezo wa kulinda maeneo ya wazi kati ya mji na mji. Sisi si Ruhr. Usiku ukipita Kichiwa bado unaona giza na misindano. Lakini wao walichelewa, ardhi kubwa ikawa imeshakwenda. Sisi bado tuna nafasi ya kuuliza nani apange ardhi iliyo katikati, wakati kila halmashauri inapanga hadi mwisho wa mpaka wake.

Swali hilo linagusa shamba la bibi moja kwa moja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, chini ya mkutano mkuu ambamo bibi anaweza kusimama akasema. Siku mpaka wa mji utakaposogea, maamuzi hayo yatahamia ofisi nyingine, na yeye hana kiti huko.

Mgeni alipoondoka, bibi hakusema kama atauza. Alinipa daftari, tukazunguka shamba, akinionyesha mti mmoja mmoja wa mpakani na jina la aliyeupanda. Mmoja ulipandwa na babu, mwaka aliorudi kutoka Tanga. Asubuhi yake tukaenda ofisi ya kijiji kuulizia hati ya hakimiliki ya kimila.