Mbuzi Kwenye Gunia la Polisi

Februari 2015, wajumbe wa bodi ya Kaunti ya Santa Clara, California, waliombwa wapitishe ununuzi wa kifaa ambacho hawakuwahi kukiona. Bei yake ilikuwa takriban dola 500,000, na baada ya hapo dola 42,000 kila mwaka. Kifaa cha aina hiyo, maarufu kwa jina la Stingray, hujifanya mnara wa simu. Simu zote zilizo karibu hunasa kwake, ya mtuhumiwa pamoja na ya muuza duka asiye na habari, na polisi wakajua ile wanayoitafuta iko wapi. Mjumbe mmoja, Joe Simitian, alishangaa kuambiwa apige kura bila kuelezwa kinachonunuliwa, kwa kuwa usiri ulikuwa sharti la kukipata. Ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata hivyo bodi ilipitisha ombi. Fedha zilikuwa za ruzuku ya usalama kutoka serikali kuu, na pesa ya ruzuku haimuumi mtu mfukoni.

Wapo wanaosema kazi ya kudhibiti polisi ni ya mahakama, si ya madiwani kama wajumbe hao. Jiji la Baltimore, jimbo la Maryland, linatoa jibu. Huko polisi walianza kutumia kifaa hiki mwaka 2007, na mwaka 2011 wao na waendesha mashtaka wakatia saini mkataba na FBI: wasikitaje, na wakitakiwa, wafute kesi kuliko kufichua. Novemba 2014 jaji alipomtaka mpelelezi aeleze simu ilipatikanaje, upande wa mashtaka uliona heri uondoe ushahidi, simu na bastola, kuliko kujibu. Aprili 2015 ndipo mahakama ilipoelezwa kuwa kifaa kilikuwa kimetumika mara 4,300 hivi. Mahakama ya rufaa ya Maryland ilidai hati ya jaji kwa matumizi hayo mwaka 2016, miaka tisa baada ya kifaa kuanza kutumika. Jaji huamua linalofika mbele yake tu, na mkataba ule ulitungwa ili lisifike.

Hoja nzito zaidi ya kutetea usiri ni kwamba ukitangaza zana, umewafundisha wahalifu kuikwepa. Lakini usikilizaji wa simu una sheria ya wazi Marekani tangu 1968 na ripoti ya kila mwaka, na wahalifu bado hunaswa kwa simu zao. Diwani haulizi nani anafuatiliwa leo. Anauliza ni kifaa gani, cha nini, kwa bei gani, na taarifa za wasiohusika zinafutwa lini. Maswali hayo yana nguvu kabla ya hundi kuandikwa. Baada ya hapo ni malalamiko.

Santa Clara ilijaribu kuyauliza. Mei 2015, kaunti na kampuni ya Harris, watengenezaji, walishindwa kuelewana juu ya masharti, na ununuzi ukaachwa. Juni 2016 bodi ikatunga sheria: hakuna zana ya ufuatiliaji itakayonunuliwa, hata kwa ruzuku, kabla ya kujadiliwa hadharani, na matumizi yake yatolewe ripoti kila mwaka.