Sindromu ya Eagle-Barrett

Sindromu ya Eagle-Barrett ni hali adimu ya kuzaliwa nayo ambayo misuli ya ukuta wa tumbo huwa dhaifu au haipo, njia ya mkojo hupanuka na, kwa mvulana, korodani zote mbili hazishuki. Hutokea takriban mara 1 katika kila vizazi hai 30,000 hadi 40,000, na zaidi ya asilimia 95 ya wenye hali hii ni wavulana. Frölich aliieleza mwaka 1839. Eagle na Barrett waliandika juu yake mwaka 1950.

Kwa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, uadimu huo si sababu ya kuipuuza. Mkunga hahitaji mashine kuishuku: ngozi ya tumbo imelegea na kukunjamana, matumbo huonekana yakijongea chini yake, na mfuko wa korodani ni mtupu. Wapo watakaosema malaria na nimonia zina haki ya kutangulizwa. Ni kweli, ila ukaguzi huu wa dakika chache hugundua pia korodani zisizoshuka, tatizo la kawaida zaidi. Tena, hatari kubwa haiko kwenye ngozi inayoonekana bali kwenye figo, ambazo mkojo uliotuama na maambukizi ya mara kwa mara huziharibu kimyakimya. Ndiyo maana mtoto wa Koboko anastahili kufikishwa mapema Hospitali ya Rufaa ya Arua, apigwe picha ya ultrasaundi na damu yake ipimwe kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo, hata kama ananyonya vizuri. Upasuaji wa kushusha korodani huweza kufuata baadaye, kwa daktari bingwa.