Wachora Wanyama wa Nchi Yetu

Hapa Momela, chini ya Mlima Meru, twiga na nyati twawaona mara kwa mara, na heroe huyapamba maziwa yetu. Lakini kifaru hayuko tena. Ngurdoto ilipofanywa hifadhi mwaka 1960 alikuwako bado. Baadaye majangili walimwua kwa ajili ya pembe zake, hata akatoweka.

Siku moja nilimkuta mtoto wa darasa langu amechora kifaru katika daftari la hesabu. Nikawa tayari kumkemea, naye akauliza, “Mwalimu, pembe zake ni ngapi?” Nilimjibu kwamba ni mbili, ya mbele ndefu kuliko ya nyuma. Lakini moyoni nilitahayari, maana sikupata kumwona kifaru katika nchi hii yetu. Nami nilijua kwa picha tu. Basi nikaanza kutafuta habari za watu waliochora wanyama nchini.

Ukifuata barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma, utapita Kolo, katika wilaya ya Kondoa. Huko, katika mapango ya milimani, watu wa kale sana walichora pofu, twiga na tembo kwa rangi nyekundu. Majina yao yamepotea, kazi yao ipo. Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey alinakili nyingi za picha hizo, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa katika urithi wa dunia.

Baadaye alikuja Mjerumani, Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa mwaka 1865. Siku zile wachoraji wengi wa Ulaya waliwatazama wanyama waliofungwa bustanini. Yeye alifika kwetu mara ya kwanza mwaka 1891, akawachora porini wanakoishi. Wengine aliwapiga bunduki apate kuutazama vema mwili wao, jambo lisilopendeza. Lakini hakuiacha kazi ya kuchora mpaka kufa kwake mwaka 1926.

Wa tatu ni ndugu yetu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, naye ni mtu mzima. Hakuwa na vifaa vya thamani. Alitwaa mbao nyembamba za dari na rangi ya baiskeli, akachora chui, tembo na ndege. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Alichora miaka minne tu. Lakini alikuwa amewafundisha vijana wa jamaa yake, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanyama nao ni mali, na mchoraji ni mwandishi wa daftari lao. Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto akichora mnyama mchangani kwa kijiti, msiseme anapoteza wakati.

Yule mwanafunzi nilimpa karatasi safi, akamchora kifaru upya mwenye pembe mbili, nasi tukamtundika ukutani. Hesabu zake alizimaliza kesho yake.