Jinsi ya kusimba barua-pepe katika programu ya Mutt

MNAMO Desemba 2012, Edward Snowden, aliyefanya kazi ya kandarasi katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA, alimwomba mwanahabari Glenn Greenwald aandae usimbaji wa barua-pepe ili wawasiliane kwa siri. Greenwald aliiona kazi hiyo kuwa ngumu, akaiahirisha. Snowden akamgeukia mtayarishaji filamu Laura Poitras, aliyekuwa na ujuzi huo.

Kusimba ni kuugeuza ujumbe uwe herufi zisizosomeka ila kwa mwenye ufunguo wake. Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP mwaka wa 1991, naye Mjerumani Werner Koch akatoa toleo la kwanza kamili la GnuPG, isiyolipiwa, mwaka wa 1999. GnuPG hutumika pamoja na Mutt, programu ya barua-pepe iliyobuniwa na Michael Elkins mwaka wa 1995, ambayo huendeshwa kwa kibodi pekee.

Kwanza, mtumiaji huandika amri gpg --full-generate-key. Tarakilishi humtengenezea funguo mbili: wa hadharani, ambao huwapa watu, na wa siri, ambao hubaki kwake ukilindwa kwa nywila. Anayemwandikia husimba kwa ule wa hadharani. Ule wa siri pekee ndio hufumbua.

Pili, wawili hao hubadilishana funguo za hadharani. Amri gpg --armor --export hutoa ufunguo, na gpg --import huupokea. Hapa ndipo wengi huteleza, kwani yeyote aweza kutengeneza ufunguo kwa jina la mwingine. Sharti wasomeane, ana kwa ana au kwa simu, utambulisho wa ufunguo unaoonyeshwa na amri gpg --fingerprint. Kwa kawaida huwa na herufi na tarakimu 40.

Tatu, katika faili ya .muttrc huongezwa mstari set pgp_default_key= ukifuatwa na utambulisho wa ufunguo wa mtumiaji mwenyewe. Kabla ya kutuma ujumbe, hubonyeza p, kisha e ili kusimba, s ili kutia sahihi, au b ili kufanya yote mawili. Hatimaye hubonyeza y, na ujumbe hutumwa.

Hata hivyo, usimbaji hauifichi kila kitu. Majina ya mtumaji na mpokeaji pamoja na tarehe hubaki wazi, na mara nyingi hata kichwa cha ujumbe. Kwa hivyo, kichwa kisibebe siri.

Aidha, anayepoteza ufunguo wa siri hupoteza barua zote zilizosimbwa kwa ajili yake, wala hakuna ofisi ya kumrejeshea. Ni busara kuweka nakala yake, pamoja na cheti cha kuubatilisha, mahali salama nje ya tarakilishi.