Kufika Salama Ndiyo Huduma ya Kwanza: Misingi ya Udereva wa Magari ya Dharura

Mwananchi anapopiga simu namba 114 kuomba msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 112 kuwaita Polisi, au namba 115 kuomba usafiri wa dharura kwa mama mjamzito au mtoto mchanga kupitia mfumo wa m-mama, kitu cha kwanza anachokisubiri ni gari. Mikononi mwa dereva wa gari hilo yamo maisha ya anayesubiri, ya walio ndani ya gari na ya wote watakaokutana nalo barabarani.

Gari la dharura likipata ajali njiani, hasara yake huwa mara mbili. Aliyeomba msaada huendelea kusubiri, na gari jingine hulazimika kutoka kituoni kwenda kuwaokoa waliokuwa wakienda kuokoa. Ndiyo maana mafunzo ya madereva wa magari ya wagonjwa, ya zimamoto na ya polisi hujengwa juu ya msingi mmoja, nao ni kwamba huduma haianzi mpaka gari limefika.

Kipaumbele si kinga

Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri Barabarani, uliosainiwa Vienna mwaka 1968, unaeleza kwa ufupi nafasi ya magari haya. Dereva wa gari lenye kipaumbele, anapotoa tahadhari kwa taa na sauti maalumu, anaweza kutofungwa na baadhi ya kanuni za barabarani, kwa sharti kwamba hawahatarishi watumiaji wengine. Hata hivyo, bado anawajibika kutii maelekezo ya ofisa anayeongoza magari.

Sharti hilo ndilo kiini cha udereva wa dharura. King'ora na vimulimuli ni ombi la kupewa njia. Havimhakikishii dereva kwamba njia imekwisha kutolewa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inatambua makosa ya kuendesha kwa uzembe na kuendesha kwa hatari, na uharaka wa safari peke yake haugeuzi uzembe kuwa uangalifu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mfumo wa m-mama, ambao pamoja na magari ya wagonjwa hutumia pia madereva wa jamii waliosajiliwa. Gari la dereva huyo ni la kawaida, halina king'ora wala vimulimuli. Dereva wa basi anayeliona kwa mbali hana namna ya kujua kwamba ndani yake yumo mama mwenye uchungu. Kwa hiyo, dereva wa jamii hana budi kufuata kanuni zote kama msafiri mwingine yeyote.

Hesabu ya dakika

Madereva wengi huamini kwamba mwendo mkubwa huokoa muda mwingi. Hesabu rahisi inaonyesha vinginevyo. Umbali wa kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huchukua dakika 10. Kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 7 na nusu, na kwa 100 dakika 6. Akifika 120, dereva hupata nafuu ya dakika moja tu zaidi.

Hatari nayo hupanda kwa kasi kubwa kuliko muda unaookolewa. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri takribani mita 17 kila sekunde, na lile la kilomita 120 husafiri mita 33. Hizo ndizo mita zinazopotea katika sekunde moja ambayo dereva anaiona hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Baada ya hapo, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka takribani mara nne.

Dakika za thamani hupatikana zaidi kabla ya gari kuondoka. Gari liegeshwe likielekea lango la kutokea. Tangi liwe na mafuta, na tairi, breki, taa na king'ora vikaguliwe mwanzoni mwa kila zamu. Mtungi wa oksijeni ufungwe imara, na anayepokea simu apate maelezo kamili ya mahali: mtaa, kitongoji na alama inayojulikana kama shule, msikiti, kanisa au soko. Dakika mbili zinazopotea kutafuta ufunguo ni nyingi kuliko zinazookolewa, katika safari ya kilomita 10, kwa kupandisha mwendo kutoka 80 hadi 100.

Makutano ya barabara

Mahali penye hatari kubwa kwa gari la dharura ni kwenye makutano. Dereva mwenye taa ya kijani ana kila sababu ya kuamini kwamba njia ni yake. Akiwa amefunga vioo na kuwasha redio, huenda asisikie king'ora mpaka gari liwe karibu sana. Katikati ya majengo marefu sauti hugonga kuta na kurudi, hivyo hata anayeisikia hushindwa kutambua inatoka upande gani.

Kanuni salama ni kupunguza mwendo kabla ya makutano, kusimama kabisa taa inapokuwa nyekundu, na kuvuka njia moja baada ya nyingine baada ya kuhakikisha kwamba madereva wa kila njia wameliona gari. Katika Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambako njia za mabasi yaendayo haraka zimepita katikati, dereva anayekatiza hukabiliana na mikondo minne ya magari. Gari moja likisimama kumpisha, huenda limeziba mwonekano wa bodaboda inayokuja pembeni yake.

Magari mawili ya dharura yanapokwenda kwenye tukio moja, hatari huongezeka. Wananchi hulipisha la kwanza kisha hurudi barabarani bila kutarajia la pili, na kila dereva wa magari hayo huweza kudhani kwamba king'ora anachokisikia ni chake peke yake. Mawasiliano ya redio kuhusu njia ambayo kila gari linapita ni kinga ya lazima.

Uzito wa maji na udhaifu wa mgonjwa

Kila gari la dharura lina tabia yake. Lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5. Tangi likiwa nusu, maji husukumana kwenda mbele gari linapofunga breki na kwenda pembeni linapokata kona, na gari lenye kimo kirefu linaweza kupinduka katika mwendo ambao gari dogo lingepita bila shida. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia kwenye kona, si baada ya kuingia.

Katika gari la wagonjwa, anayeumizwa na udereva mbaya ni yule yule anayepelekwa kutibiwa. Breki za ghafla na matuta yanayorukwa kwa kasi huongeza maumivu ya aliyevunjika mfupa, huhatarisha aliyeumia uti wa mgongo na humzuia mhudumu kufanya kazi yake. Mgonjwa afungwe mikanda ya machela, na mhudumu pamoja na ndugu anayesindikiza wafunge mikanda ya viti vyao kila inapowezekana. Mgonjwa ambaye hali yake ni tulivu hahitaji mbio. Anahitaji safari nyororo.

Safari za rufaa kutoka wilayani kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda hudai subira zaidi. Kwenye miteremko mikali kama Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida, dereva hutumia gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari, kwa kuwa breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto na kupoteza nguvu. Usiku, mwendo usizidi umbali unaomulikwa na taa. Wakati wa masika, maji yanayokatiza barabara hayapimwi kwa macho.

Kufika eneo la tukio

Hatari haiishi gari linapofika. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro liliwaka moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Tukio hilo linabaki kuwa ukumbusho kwamba mahali pa ajali panaweza kubadilika kwa sekunde chache. Dereva huegesha mbali na mafuta yaliyomwagika, upande unakotoka upepo, huacha nafasi ya magari mengine kupita, na huweka alama za tahadhari mapema kwa madereva wanaokuja.

Dereva mwenyewe

Sauti ya king'ora humwathiri hata anayekiwasha. Moyo huenda mbio, macho huganda mbele na kuacha kuona pembeni, na taarifa kwamba anayesubiriwa ni mtoto huongeza shinikizo. Dereva mahiri huitambua hali hiyo ndani yake na kuachia kidogo mguu wa mafuta. Uchovu, usingizi na simu mkononi havina nafasi katika kazi hii. Kiongozi wa zamu naye anao wajibu wa kutompa safari ndefu dereva aliyekesha.

Wajibu wa watumiaji wengine

Dereva wa dharura hawezi kufanikiwa peke yake. Mtumiaji wa barabara anaposikia king'ora anapaswa kutulia, kuangalia vioo, kuwasha taa ya kuashiria, kusogea kushoto na kusimama ikibidi, bila kufunga breki katikati ya njia wala kusimama kwenye kona au juu ya daraja. Kabla ya kurudi barabarani, ahakikishe hakuna gari jingine la dharura linalofuata. Kulifuata kwa nyuma gari la wagonjwa ili kukwepa foleni, au kufunga king'ora na vimulimuli kwenye gari lisiloruhusiwa, huwafanya wananchi waache kuviamini, na anayeumia mwishoni ni mgonjwa wa kweli.

Kila anayetoa njia anashiriki katika uokoaji. Na kila dereva wa dharura anayesimama kwenye taa nyekundu kwa sekunde tatu, akahakikisha njia ni salama, kisha akavuka, hajamchelewesha anayemsubiri. Amehakikisha kwamba msaada utamfikia.