Ganda la bastola lililovimba hurudishwa umbo, si nguvu

WALENGA shabaha wengi nchini Marekani hawaachi maganda ya risasi uwanjani. Baada ya kufyatua, huinama wakayaokota, wakayapeleka nyumbani na kuyajaza upya kwa fataki, baruti na kichwa kipya. Sheria ya shirikisho haimtaki anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe awe na leseni. Anayezitengeneza ili auze ndiye hulazimika kuwa nayo. Kwa msomaji wa Kenya, ambako Sheria ya Bunduki (Sura ya 114) inadai cheti hata kabla ya kununua risasi, huenda ufundi huu ukaonekana wa ajabu. Kwa Wamarekani ni uraibu wa miaka mingi, wenye mitambo, vitabu na mabishano yake.

Sababu kuu ni gharama. Katika risasi nzima, ganda ndilo sehemu iliyo ghali zaidi, na ndilo pekee linaloweza kutumika tena. Uhaba wa risasi uliotokea madukani mwaka wa 2013, na tena kuanzia 2020 wakati wa janga la korona, uliwavuta wengine kwenye shughuli hii. Hata hivyo, si kila ganda linalookotwa linafaa. Miongoni mwa yanayozusha mjadala mkali ni lile lililovimba karibu na kitako.

Ili kuelewa uvimbe huo, yafaa kukumbuka kazi ya ganda. Baruti inapowaka, gesi husukuma kila upande. Kichwa hukimbilia mtutuni, nalo ganda hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, hivyo kuziba gesi isirudi nyuma kwa mpigaji. Ganda hutengenezwa kwa aloi yenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, madini yanayoweza kutanuka na kunywea kidogo bila kupasuka. Lakini kuta za chemba hazilizunguki ganda lote. Upande wa chini huchongwa mteremko unaoiongoza risasi kutoka kwenye magazini, na mahali hapo sehemu ndogo ya ganda hubaki bila egemeo. Shinikizo likiwa kubwa, ganda hutokeza tumbo papo hapo. Wakati mwingine ukingo wa mteremko huliachia alama ya mwezi mchanga, ambayo mafundi wa mzaha wameibandika jina la “tabasamu”.

Sifa mbaya zaidi iliziangukia bastola za Glock zinazotumia risasi ya .40 S&W, na kisa chake kina historia. Aprili 11, 1986, makachero wa FBI walipambana na majambazi wawili jijini Miami. Wawili wa makachero hao wakauawa na wengine kujeruhiwa. Shirika hilo likaanza kutafuta risasi yenye nguvu zaidi. Likachagua ile ya milimita 10, kisha likaipunguza makali. Kampuni za Smith & Wesson na Winchester ziling’amua kuwa nguvu hiyo iliyopunguzwa ingeenea katika ganda fupi zaidi, na mwaka wa 1990 zikazindua .40 S&W. Glock nayo ikatoa bastola ya aina hiyo mwaka huohuo, na vikosi vingi vya polisi vikaipokea.

Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa risasi hiyo ni pauni 35,000 kwa kila inchi mraba, ilhali .45 ACP, mkongwe wa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hukomea 21,000. Nazo chemba za Glock za awali za .40 zilikuwa na nafasi ya kutosha ili risasi iingie bila kukwama. Matokeo yake yalikuwa maganda mengi yenye tumbo. FBI ilirejelea risasi ya milimita 9 na mwaka wa 2016 ikaipa Glock kandarasi ya bastola za kipimo hicho, lakini maganda ya .40 yangali yamejaa ndooni kwa wapenzi wa uraibu huu.

Kwa kawaida, ganda hurudishwa kipimo kwa kushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu iliyofungwa kwenye mtambo wa mkono wenye wenzo. Kasoro ni kwamba kitako hushikwa na kishikizo, na mdomo wa kalibu umeviringwa ili ganda liingie kwa urahisi. Hivyo milimita chache za chini hazifikiwi, na ndizo hasa zenye uvimbe. Fundi asiyejua huona ganda limenyooka juu, akalijaza, kisha akashangaa risasi ikigoma kuingia chemba.

Suluhisho lililopatikana ni kulipitisha ganda lote, kuanzia mdomoni hadi kitakoni, ndani ya kalibu iliyo wazi pande zote mbili. Lee na Redding ni baadhi ya kampuni zilizouza vifaa vya namna hiyo. Kishikizo huondolewa, fimbo ikalisukuma ganda kutoka chini, nalo likachomoza juu ya kalibu. Mafuta kidogo hupunguza nguvu inayohitajika. Kazi hii hufanywa ganda likiwa tupu. Kusukuma ganda lenye fataki mpya ni kuchezea mlipuko.

Mbinu hiyo huwezekana kwa .40 S&W kwa kuwa kuta zake zimenyooka na ukingo wa kitako haukizidi kiwiliwili: vyote vina kipenyo cha takriban milimita 10.77. Hali kadhalika .45 ACP. Ganda la milimita 9, lililo maarufu zaidi, ni jembamba kuelekea mdomoni, kutoka takriban milimita 9.93 kitakoni hadi 9.65, na kalibu yake ya kawaida ina mchongo uo huo, haliwezi kupenya. Maganda ya bastola za silinda kama .38 Special yana ukingo uliotokeza, kwa hiyo hayo hayapitishwi kabisa.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Ganda lililopitishwa kalibuni hung’aa na kupita kila kipimo, lakini madini yake yamekunjwa mara mbili: mara ya kwanza na baruti, mara ya pili na wenzo. Kila mkunjo huyafanya magumu na mepesi kupasuka, mfano wa waya unaopindwa huku na huku. Wajazaji wa risasi za bunduki ndefu hulainisha shingo ya ganda kwa moto, ila dawa hiyo haitumiki kitakoni kamwe, kwani kitako kilicholainika hakiwezi kuhimili shinikizo. Nguvu iliyopotea hapo haina njia ya kurejeshwa. Ganda hilo likirudi katika chemba ileile, huenda udhaifu ukaangukia tena juu ya mteremko. Likipasuka, gesi hushuka kupitia magazini, na mpini wa bastola, pamoja na mkono ulioushika, ndio hupata hasara. Haishangazi kwamba Glock katika mwongozo wake huwaonya wateja dhidi ya risasi zilizojazwa upya.

Aidha, uvimbe waweza kuwa dalili ya kosa jingine. Baruti iliyozidi au kichwa kilichosukumwa ndani kupita kiasi hupandisha shinikizo, na risasi ya .40 haina subira na makosa ya aina hiyo. Anayeona tumbo kwenye maganda aliyoyajaza mwenyewe hana budi kukagua mizani yake kabla ya kuishika kalibu. Ganda lililookotwa uwanjani ni fumbo zaidi, maana halisemi lilifyatuliwa na bastola gani wala mara ngapi.

Kwa hiyo mafundi waangalifu hutenganisha. Uvimbe mdogo, laini, usio na mkwaruzo, hupitishwa kalibuni, kisha ganda likatumbukizwa katika kipimo chenye umbo la chemba. Lenye “tabasamu”, ufa, au mstari unaong’aa kuzunguka kitako halijadiliwi. Hupondwa kwa koleo mdomoni ili lisiokotwe na mwingine, likatupwa katika debe la vyuma chakavu vinavyouzwa kwa kilo.